Pango la Maji Linachorwa Kuanzia Njia ya Kurudia

(Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya vijana wa mchezo wa meza hapa Goma. Wengi walikosa wakaniomba niandike. Nimeandika vile nilivyoongea, nimetoa tu kelele na salamu zilizokuwa ndefu.)

Jambo kwenu wote, wakubwa kwa wadogo. Wale wa nyuma kule sogeeni mbele kidogo, juu sina mikro, na mvua ikianza kupiga hapa kwenye mabati hamtasikia kitu. Wenye walinialika waliniomba niongee juu ya madonjo, yaani yale mapango na majumba ya chini ya udongo tunayochora kwa mchezo, wachezaji wanaingia na mapanga na uchawi wao, msimulizi anarusha dadu, na mwisho kuna mtu ananuna juu mchawi wake wa nivo ya tatu (kiwango chake cha nguvu) amekufa. Nikawajibu sitaongea madonjo yote, nitachagua moja tu, lile pango lililojaa maji, juu njo lile tunaharibu kuliko mengine yote.

Tunaliharibu namna gani? Tunachora donjo ya kila siku, vyumba, korido, mlango, sanduku, alafu tunamwaga maji juu yake. Pale tulipokuwa na goblini, vile vizimwi vidogo, tunaweka samaki mwenye meno. Basi, imekwisha. Wachezaji wanaogelea chumba kwa chumba bila haraka na hakuna mwenye anaogopa kitu. Huu mchezo, Dungeons & Dragons, ulitoka kwa mara ya kwanza 1974 kule Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson njo waliutoa, na tangu wakati ule donjo inauliza swali moja: mbele kuna nini? Pango la maji haliulizi hivyo. Lenyewe linauliza nyuma iko mbali gani. Kwa hiyo leo niko na neno moja tu la kuwaambia, mengine yote ni kulizunguka: ukichora pango la maji, anza na njia ya kurudia. Chora kwanza mtu atatokaje, nini itamfungia, na atajua saa ngapi kwamba amechelewa. Hazina na nyoka wa vichwa tisa utaviweka baadaye, hata usiku wa mwisho ukitaka.

Na mbele ya kuchora njia lazima ujue maji inatoka wapi na inaenda wapi. Hapa kwetu ni rahisi, hata huhitaji kufikiria sana. Angalieni mvua ya Goma. Inanyesha kwa nguvu, barabara inakuwa mto kwa muda, nyuma yake hakuna kitu. Mji mzima hauna mto wa maana, ndiyo maana watu wanapanda na mabido (madumu) ya maji kutoka ziwani. Ile mvua imeenda wapi? Imeingia mu mawe ya volkano, juu mawe yetu iko na matundu na nyufa kila mahali, na chini kwa chini inashuka mpaka ziwani. Hiyo peke yake ni donjo imeshajichora nusu. Kuna njia ya maji chini ya miguu yenu, inajaa mvua ikinyesha kule juu kwenye mlima, na hamtaiona ikijaa juu nyinyi mko chini.

Sasa kuna mapango ya aina mbili na inabidi uchague, usichanganye. Kuna ya chokaa, pale maji yenye asidi kidogo imekula jiwe miaka na miaka, hayo yako na matawi mingi, njia zinazopanda na kushuka, mtu anapotea vizuri. Na kuna ya lava. Lava inashuka, juu yake inapoa na kukauka sawa vile ngozi inashika juu ya maziwa, ndani bado inatembea, nyuma lava inaisha na bomba linabaki tupu. Bomba hilo ni korido moja ndefu inayoshuka, matawi machache, na mara mara dari imeanguka na kufanya dirisha la kuonekana mawingu. Wengi watasema ya chokaa ni tamu zaidi. Mimi nabisha. Bomba la lava ni tamu juu kila mtu anajua njia ya kutoka iko wapi, iko nyuma, moja kwa moja, na bado hawezi kuifikia.

Na msiniambie mabomba ya lava hayajai maji. Kule Lanzarote, kwenye visiwa vya Canary, kuna bomba la volkano ya La Corona linaloshuka mpaka linaingia chini ya bahari, kipande cha ndani ya maji kinapita kilometa moja na nusu. Ndani yake, kwenye dimbwi la Jameos del Agua, wanaishi vikamba vidogo vyeupe visivyoona. Sisi tuko na lava ya mlima wetu Nyiragongo, ya 1977, ya 2002 iliyopita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani, na ya 2021. Mchezaji wa Goma ukimwambia "bomba la lava linaingia mu maji" hana haja ya picha.

Tuingie mu hesabu, msikimbie. Mu Dungeons & Dragons toleo la tano, lile la 2014, mtu anazuia pumzi dakika 1, na unaongeza bonasi yake ya Konstitusyo, yaani ugumu wa mwili wake, dakika moja kwa kila +1. Mpiganaji wa kawaida eko na +2, kwa hiyo dakika 3. Raundi ya vita, yaani zamu moja ya kila mtu, ni sekunde 6. Gawanyeni: dakika 3 ni raundi 30. Ni vita gani mmeshaona inafika raundi 30? Vita zetu zinaisha raundi ya nne ao ya tano, na jamaa eko bado na pumzi ya kuimba kwaya. Yule msimulizi anayejisifu kwamba "leo watazama wakipigana" hajapiga hesabu. Pumzi haiui mu vita, inaua mu urefu wa njia.

Wenye kutumia kitabu cha sheria cha Kifaransa wanahesabu kwa mita. Mtu wa mwendo wa mita 9 akiogelea anapata nusu, mita 4.5 kwa raundi. Mara 30 ni mita 135. Kitabu kinamruhusu kukaza mwendo na kupata mara mbili, mimi mu giza, kati ya mawe yanayokata ngozi, mkono mmoja kwenye kamba, simruhusu, na mchezaji akibisha nampa ruhusa mara moja tu alafu anarusha dadu kama hajagonga kichwa.

Sasa naweka maharagi mezani. Maharagi ya kweli, mabichi, yale ya kupika. Haragi moja ni nusu dakika ya pumzi, yaani raundi 5, yaani mita 22 na nusu. Mwenye dakika 3 anapewa sita. Yule mchawi wenu mwenye Konstitusyo sifuri anapewa mbili tu, na hapo uso wake umeshabadilika mbele hata hatujaanza. Watu wanaozamia mapango ya kweli wako na sheria yao, hewa ya mu chupa inakatwa mafungu matatu: moja ya kuingia, moja ya kutoka, moja ya taabu. Siyo nusu kwa nusu, juu taabu haikosi. Kwa hiyo kwa mpiganaji wetu maharagi mbili za kwenda, mbili za kurudi, mbili za taabu. Mbili ni mita 45. Hapo njo unashika kalamu.

Sifo, mnaijua, ni pale dari inashuka mpaka inaingia mu maji na hakuna hata nafasi ya kutoa pua. Ya kwanza fanya mita 20, haragi moja, waache wacheke. Ya pili fanya mita 45. Hapa wanaanza kuhesabu kwa sauti, na wanatambua kwamba mchawi wa maharagi mbili atafika upande wa pili mapafu yamekauka, na kama upande wa pili hakuna hewa, basi. Watabishana. Mmoja atasema tumvute, mwingine atasema abaki. Usiingilie, kunywa chai yako. Ya tatu fanya mita 80, na usiseme ni mita ngapi. Haragi ya tatu ikiisha mtu eko mita 67 na nusu ndani, katikati kabisa ya pumzi yake, tatu ziko mu sahani na tatu ziko mkononi. Akigeuka hapo hapo anatoka mzima. Akitupa ya nne hawezi tena kurudi, ni mbele tu. Mtaona namna mtu anashika ile haragi ya nne kati ya vidole, anaizungusha, anaangalia wenzake, anauliza "kuna mwangaza mbele?", na wewe unamjibu ukweli: giza.

Nimeongeza sheria zangu mbili ambazo haziko mu kitabu. Kila pigo linalokuingia ndani ya maji linakutoa haragi moja, juu mtu akipigwa anatoa hewa. Na mchawi akifungua kinywa kusema maneno ya uchawi analipa moja. Sasa hata samaki mdogo wa hit points tano (pointi za uhai) anakuwa tatizo, hahitaji kukuua, anahitaji kukuuma mara mbili kwenye mita ya 60.

Nyuma, maji inapanda. Hii njo roho ya kitu. Mwaka 2018 kule Thailand vijana 12 wa timu ya mpira na kocha wao waliingia mu pango la Tham Luang tarehe 23 mwezi wa sita, mvua ikaanguka na maji ikawafungia nyuma. Wazamiaji wawili Waingereza, Rick Stanton na John Volanthen, waliwafikia tarehe 2 mwezi wa saba, na wa mwisho alitolewa tarehe 10. Wote 13 wazima. Lakini Saman Kunan, aliyekuwa mzamiaji wa jeshi la majini la kule, alikufa tarehe 6, alikuwa ameshafikisha chupa za hewa na alikuwa kwenye njia ya kurudi. Siwaletei hii kwa kuchezea msiba wa watu. Nawaletea muone kwamba hata mtu wa kazi hiyo, mwenye vyombo, mwenye nguvu, hatari ilimngojea kwenye kurudi.

Mu mchezo basi: kila wakipumzika, ama kila saa ya ndani ya hadithi, msimulizi anarusha dadu ya mvua ya kule nje, siri, nyuma ya karte yake. Mvua ikinyesha sifo zote zinarefuka. Ile ya mita 20 waliyoicheka, wakirudi ni mita 60, na hawajui mpaka wamejaribu. Ila uwape dalili, usiwe mchoyo. Waone alama ya maji ukutani imepita kiuno. Wasikie upepo uliokuwa unapuliza kutoka ndani umenyamaza, juu njia ya hewa imezibwa. Mchezaji aliyepewa dalili na hakusikiliza hakulaumu.

Mifuko ya hewa sasa. Wasimulizi wanaweka mfuko wa hewa sawa vile wanaweka hoteli, ukifika umepona. Jamani, sisi tunaotoka huku? Kila mtoto wa kuelekea Himbi, Bulengo mpaka Sake ameshaambiwa habari ya mazuku, ile gazi ya kaboni inayotoka chini, nzito kuliko hewa, haionekani, haina harufu, inalala mu mashimo asubuhi kukiwa hakuna upepo na unakuta mbuzi amelala chini amekufa bila kidonda. Weka hiyo mu pango lako! Mfuko wa hewa wa kwanza ni mzuri, wanapumua, wanarudishiwa maharagi yote. Wa pili wanatoa kichwa, wanavuta hewa, kichwa kinauma, moyo unapiga mbio, na wanarudishiwa moja tu. Mwenye akawasha moto akiushusha karibu na maji, unazima. Kwa mchezo hiyo inatosha kuwafundisha kusoma mahali, ila nyumbani kwenu msijaribu mazuku na kiberiti, tafadhali, kimbieni. Hata bila gazi, watu wengi mu chumba kimoja wanamaliza hewa wenyewe: pale Tham Luang ilitangazwa kwamba oksijeni ilishuka mpaka asilimia 15, na ya kawaida ni 21.

Mwangaza. Mtu atakuja na uchawi wa taa atasema giza halimsumbui. Mwambie sawa. Chini ya pango kuna tope laini kama unga limekaa kimya miaka mingi, mguu mmoja ukilipiga linapanda lote, na hapo taa kali ni mbaya kuliko taa ndogo, juu mwangaza unagonga tope na kukurudia machoni, ukuta mweupe. Mimi hapo nazima taa ya chumba tunachochezea, nawaambia wafumbe macho, na kila mtu aseme mkono wake uko wapi. Ni hapo njo wanakumbuka hakuna aliyefunga kamba.

Kamba, ndiyo. Wazamiaji wa mapango wanaacha kamba nyuma yao na wanaifunga vimshale vinavyoelekea mlango wa kutokea. Waachie wachezaji kamba ya zamani, ya watu waliotangulia, na mishale yake. Wote, kila mara, wataifuata wakifikiri inapeleka kwenye hazina. Inawatoa nje! Alafu weka mshale mmoja uliogeuzwa, na mifupa karibu.

Kuna jambo moja la samaki ninalolipenda sana, vumilieni. Mnawajua walobaji wetu, wavuvi wa ziwani, usiku, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, taa juu, wanapiga miluzi na kuimba, na sambaza, wale samaki wadogo, wanafuata mwangaza mpaka mu wavu. (Hata hao sambaza si wa hapa kwa asili, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.) Na kule Kongo Central, mu mapango ya Mbanza-Ngungu, kuna samaki mdogo bila macho, Caecobarbus geertsii, ametajwa mu sayansi tangu 1921 na analindwa. Huyo taa haimwambii kitu. Sasa unganisheni. Mdomoni mwa pango, samaki wadogo wanafuata taa ya wachezaji, wanawazunguka, inapendeza, kila mtu anafurahi. Wanaingia ndani zaidi, samaki wanapungua. Mahali fulani, unawaambia, "samaki wamegeuka wote kwa mara moja." Wale wanaoonekana nyuma ya hapo ni weupe, hawana macho, wanasikia maji ikitikisika tu. Hujaandika bango la hatari popote, lakini mpaka umeuchora, na mchezaji mwenye akili ataanza kuogelea polepole.

Mazimwi nitapita haraka juu mko nayo mingi mu vitabu. Kumbukeni tu kwamba ndani ya maji upanga mrefu na shoka zinapigwa kwa shida, kitabu kinataka kisu, mkuki, upanga mfupi, trisula (mkuki wa meno matatu), na moto unaumiza nusu mtu akizama kabisa. Zimwi moja linatosha. Na likae kati yao na mlango, siyo kwenye hazina.

Najua kuna mwenye ananyoosha kidole kusema kuna uchawi wa kupumua mu maji. Upo, wa nivo ya tatu (nivo ya uchawi wenyewe, siyo ya mtu), saa 24, watu mpaka kumi, na ni wa ibada kwa hiyo hata hautumii nguvu zao. Kikundi cha nivo ya tano kinaufanya na maharagi yako inarudi mu sufuria. Usiukataze, mtu aliuchagua, ni haki yake. Wacha wapumue. Bado kuna tope, bado kuna mkondo unaowavuta ndani kwa kasi kuliko wanavyoweza kuogelea nje, bado kuna baridi, na bado kuna mpito mwembamba ambao mtu anapita bila ngao, bila mfuko, na mkubwa wenu wa mwili hapiti kabisa. Ila mimi, kwa kweli, pango hili nalicheza na nivo ya kwanza mpaka ya nne. Huko njo tamu.

Dada mmoja pale mbele aliniuliza: na kama wote wanazama, si umeharibu jioni ya watu? Nikamwambia kumbuka yale madirisha ya dari lililoanguka. Mimi naweka moja juu ya sifo ya tatu, juu sana, mwangaza kidogo unaingia. Wanaweza kutokea hapo wakati wowote, ila wanapanda ukuta wenye maji, kwa hiyo vyuma wanaacha, na hazina wanaacha. Hapo wanachagua wenyewe, na hakuna mwenye atasema msimulizi ameniua.

Na hazina yenyewe, ipimeni kwa kilo. Sarafu 50 za dhahabu mu kitabu cha Kifaransa ni gramu 500, kwa hiyo sarafu 3,000 ni kilo 30. Kwangu kila kilo 10 zinakula haragi moja kwa kila sifo. Mwenye sita akibeba zote amebaki na tatu, na tatu mnazijua zinafika wapi. Kijana mwingine akauliza kwa nini wasifunge gunia na kamba, watoke kwanza, alafu wavute kutoka upande wa pili. Swali zuri, namruhusu kabisa. Lakini kamba ya kitabu ni mita 15, na sifo yangu ndogo ni mita 20 mvua ikiwa haijanyesha. Mnunue kamba nyingi mbele ya kuingia, na mniambie ni nani kati yenu eko nazo mgongoni.